Tarehe Iliyo Ndani ya Saa ya Baba

Dukani, 4 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Saa ya Baba imefika salama. Umeifunga kwa vitambaa vingi mpaka karani wa posta akaniuliza kama nimetumiwa yai. Asante kwa kuitafuta. Kwamba ilikuwa kwenye droo ya cherehani yako miaka kumi na tatu, na sisi tukidhani alizikwa nayo, hilo tutaligombania siku nyingine.

Uliniomba niifanye itembee, na itatembea. Springi imechoka na mafuta yameganda, basi. Lakini ili kuifikia springi ilibidi nifungue kifuniko cha nyuma, na ndani ya kifuniko nimeona kitu ambacho lazima nikuulize wewe, maana hakuna mwingine aliye hai wa kuulizwa.

Sijui kama Baba aliwahi kukuonyesha. Sisi mafundi saa tukishaifungua saa tunachora ndani ya kifuniko, kwa ncha ya sindano, alama na tarehe. Mwenye saa haoni kamwe. Ni kwa ajili ya fundi atakayefuata, ajue nani aliishika kabla yake na lini. Mpaka leo naletewa saa za watu zenye mwandiko wa Baba ndani, na kila nikiukuta huwa namsalimia kimoyomoyo.

Ndani ya saa yake mwenyewe kuna tarehe mbili. Ya kwanza ina nyundo ndogo pembeni, na ni siku aliyozaliwa Kaka, haikukosewa hata kidogo. Ya pili ina kibanio, mistari miwili inayokutana kwenye ncha. Huyo ni mimi. Nilizaliwa tarehe 9 Juni. Baba ameandika 17 Agosti ya mwaka uliofuata.

Nimeitazama kwa lenzi mara nyingi kuliko ninavyotaka kukiri. Si kutu wala si mkwaruzo wa bahati mbaya. Na unamjua kaka yako. Ni mtu aliyerudisha kalenda dukani kwa sababu ilisahau siku ya ishirini na tisa ya Februari. Mtu huyo anakoseaje siku ya mtoto wake kwa mwaka mmoja na miezi miwili?

Nitakwambia anakoseaje. Daktari wa mwisho alituambia kwamba ugonjwa wetu hauanzii mikononi. Unaanzia kichwani, kwa vitu vidogo vidogo kama majina na tarehe, na kutetemeka kunafuata baada ya miaka. Sote tumekuwa tukihesabu kwamba Baba alianza akiwa na arobaini na moja, siku alipoangusha trei ya skrubu. Sasa naona kwamba ulikuwa umeshamwingia akiwa na thelathini na tatu. Mimi nina thelathini na tatu, Shangazi, na tangu Desemba mkono wangu wa kulia unatetemeka.

Kipimo cha damu cha ugonjwa huu hakifanyiki huku. Daktari anachoweza kuniambia ni kwamba ni nusu kwa nusu, na hilo nilikuwa nalijua tangu nikiwa na miaka kumi. Sitamwachia mtoto nusu yangu. Tarehe 29 mwezi huu, saa mbili asubuhi, naingia hospitali kufunga kizazi. Mwalimu nimemrudishia pete. Kila jioni anakuja dukani na saa yake ambayo ni nzima kabisa, anasema inachelewa.

Mwaka ule ulikuwa ukija kwetu kila wiki. Niambie ukweli. Uliona dalili yoyote?

Mwanao,
Kibanio


Nyumbani, 11 Machi

Kibanio wangu,

Marahaba. Barua yako niliisoma nimesimama, nikatafuta kiti, nikaisoma tena. Ningekupigia simu, lakini unajua masikio yangu yalivyo. Simu kwangu siku hizi ni kelele tu, nitaitikia "ndiyo" kwenye "hapana" tukosane bure.

Kaka yangu alikuwa mzima mwaka ule. Mzima wa mwili na akili. Ndio mwaka alipopanda ngazi pale stesheni akaitengeneza ile saa kubwa peke yake, upepo unavuma, abiria wamejaa chini wakisubiri aanguke wapate cha kusimulia. Hakuanguka. Alishuka, akapangusa mikono, akaniomba maji ya kunywa. Huyo ndiye unayeniambia alikuwa mgonjwa?

Hiyo tarehe ni mkono tu uliteleza. Mtu anachora kwa sindano kwenye chuma kisichozidi ukubwa wa kifungo cha shati, unategemea nini? Wewe mwanangu umekaa na madude ya watu kutwa mpaka sasa unaona maradhi kwenye mkwaruzo. Fungua dirisha la hilo duka. Kula. Tangu utotoni ukiwa na wasiwasi huli, na mtu asiyekula lazima atatetemeka.

Hospitali usiende. Sijakuomba, nimekwambia. Mimi ndiye niliyekufunga vitambaa na kukuogesha, nina haki ya kukukataza jambo moja maishani. Na huyo Mwalimu mpokee saa yake, ukae nayo siku mbili umrudishie, aone anasikilizwa.

Ile saa nirudishie kama ilivyo. Usiendelee kuichokonoa. Nilikosea kuituma.

Shangazi yako


Dukani, 16 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Umeniambia mkono uliteleza. Hebu fikiri umeandika nini. Mkono wa Baba kuteleza ndiyo habari yenyewe. Huwezi kunifariji kwa kunitajia dalili.

Lakini sikutaka kukuonea, kwa hiyo nilifanya kazi. Niliwatafuta wateja wake wa zamani, wale wanaotunza vitu. Nimepata saa tatu alizozifungua mwaka ule ule. Moja ya mama muuza magazeti, mbili za yule dereva mstaafu wa treni. Zote nimezifungua. Kwenye zile tatu tarehe ni sawa. Dereva alikuwa hata na karatasi yake ya kupokelea saa, na siku inalingana. Moja ni ya Agosti ile ile. Mwandiko umenyooka, hauna tetemeko hata chembe.

Basi nikakaa mbele ya zile saa nne zimefunguliwa na sikuelewa. Kwa nini akosee moja tu, na iwe yangu? Kwa saa ya dereva wa treni kichwa kilikuwa kimetulia, kwa mtoto wake kikayumba? Nimejibu mwenyewe, na jibu silipendi. Baba mwishoni hakusahau jina la muuza mkate. Alisahau jina la Mama, akiwa amemshika mkono. Ugonjwa huu unaanza na kile unachokipenda zaidi.

Unakumbuka nilikuwa na miaka kumi alipoacha kushika bisibisi? Alikaa nyuma yangu kwenye stuli, kidevu chake begani kwangu, akawa anasema na mimi natenda. "Kushoto kidogo. Usiibane, ishawishi." Miaka minne nilikuwa mikono yake. Watu wote walisema nimeirithi, na wewe uliongoza kusema, mpaka kwenye misiba ya watu. Sasa mikono hiyo hiyo inatetemeka, na wewe unasema nile.

Kaka nimemwambia kwa simu. Alinyamaza muda mrefu mpaka nikadhani imekatika. Kisha akasema hospitali nisiende peke yangu, yeye atakuja. Hakusema nisiende. Angalau yeye ananielewa. Tangu Baba alipougua ni sisi wawili tu tunaojua kulala na hili jambo. Kila mwaka tarehe yangu ya kuzaliwa ananiuliza, "Mikono?" namwambia, "Bado." Na mimi namuuliza yake. Mwaka huu sijui nitamjibu nini.

Kama kuna kitu unakijua, sema. Kama hakuna, usinikataze.

Kibanio


Nyumbani, 20 Machi

Kibanio,

Huna huo ugonjwa. Nakuapia kwa Mungu na kwa kaburi la kaka yangu. Huna, na hutakuwa nao.

Usiniulize nimejuaje. Ahirisha mwezi mmoja tu. Goti langu likipata nafuu nitapanda basi nije tuzungumze uso kwa uso. Mambo mengine hayaandikiki.

Mwezi mmoja. Nimekulea, unanidai mangapi, mimi nakudai hili moja.

Shangazi


Dukani, 23 Machi

Shangazi,

Uliapa pia mbele ya Baba. Mimi nilikuwepo. Alikuuliza, "Dada, hii ni ile ya baba yetu?" ukaapa kwa Mungu huyo huyo kwamba ni uchovu. Siku hiyo alikuwa amejaribu kufunga vifungo vya shati lisilokuwa mwilini mwake.

Sikulaumu. Ulimpenda ukamdanganya. Lakini huwezi kutumia kiapo kile kile mara mbili kwa mtu aliyeshuhudia cha kwanza. Wewe ugonjwa ulikuruka, una sitini na mbili na unatunga uzi kwenye sindano bila miwani. Nadhani ndiyo maana unaweza kusema "mwezi mmoja" kama anayesema "kikombe kimoja."

Jana nimeshindwa kurudisha mshale wa dakika kwenye saa ya mteja. Mara sita. Mwalimu alikuwa ameketi pale anasubiri saa yake nzima, akaona kila kitu. Akainuka akageuza kibao cha mlangoni, "Tumefunga," akakaa tena. Kisha akaniambia kwamba watoto anao mia mbili na arobaini shuleni, hana haraka ya mwingine. Nilimfukuza. Sikuweza kustahimili mtu mwema kwa wakati ule.

Tarehe 29, saa mbili asubuhi. Ukiwa na la kusema, liseme. Ukiwa na kiapo, kaa nacho.

Fundi saa


Nyumbani, 27 Machi
Kwa mkono wa Kaka. Afungue mwenyewe Kibanio.

Mwanangu,

Posta ingechelewa, ndiyo maana nimempa kaka yako. Anaondoka na basi la kesho. Hajui kilichomo. Nimeifunga bahasha kwa uzi wa cherehani ili nijue kama imefunguliwa, na baadaye nimeona haya kwa kumshuku.

Nitaandika haraka kabla sijapata njia nyingine ya kuzunguka.

Ile tarehe haikukosewa. Wewe mwenyewe umeniandikia fundi anaandika nini ndani ya saa. Haandiki siku saa ilipotengenezwa kiwandani, maana hajui na hakuwepo. Anaandika siku ilipofika mikononi mwake. Tarehe 17 Agosti ndiyo siku uliyofika mikononi mwa kaka yangu. Ulikuwa na mwaka mmoja na miezi miwili, meno sita, na viatu vyekundu ambavyo kimoja hakikuwa na kifungo.

Duka la kwanza la baba yako lilikuwa ukuta mmoja na dobi. Pale palikuwa na msichana mpiga pasi. Mwanamume aliyempa mimba aliondoka kabla hujazaliwa, na jina lake sikulisikia hata mara moja, ningekuwa nalo ningekupa. Mvuke ulikuwa mwingi mule ndani, kwa hiyo mama yako, ndiyo, niache niandike hivyo, mama yako aliomba ukae dukani kwa fundi saa wakati yeye anapiga pasi. Baba yako alikuweka juu ya meza yake ya kazi, katikati ya saa za watu. Ukakamata kibanio chake. Alipotaka kukichukua, ukakataa kukiachia, akafanya kazi siku nzima kwa kibanio cha akiba. Jina lilianzia hapo, si pale tulipokuwa tukikwambia.

Mama yako aliugua kifua. Alikwenda haraka, wiki tano. Alimwita kaka yangu na wifi yangu hospitali akawaambia siku uliyozaliwa, akaitaja mara tatu ili wasiisahau, ndiyo iliyo kwenye cheti chako. Cheti alikwenda kukichukua baba yako, akakuandikisha kwa jina lake. Siku ya kuzaliwa ni yako kweli. Hiyo hatukuichezea.

Sasa langu. Siku alipokuleta nyumbani mama yetu alikataa kukushika, na mimi pia. Nilisimama pale mlangoni nikasema, mbele yako, "Tutalea damu ya nani?" Mwezi mzima sikukugusa. Kaka yangu hakubishana nami. Aliniapisha jambo moja tu, kwamba neno hilo sitalirudia na hutalisikia kwa mtu yeyote, kwamba hutajua kamwe kuwa kuna siku ulisimama mlangoni kwetu ukisubiri kuamuliwa. Niliapa kwa aibu. Baadaye nilikushika kwa sababu wifi yangu alikuwa na homa na ulikuwa unalia, na sijakuachia tangu siku hiyo. Kila niliposema una mikono ya ukoo wetu nilikuwa nafuta lile neno la mlangoni. Nililifuta mpaka nikakuwekea ugonjwa wetu mikononi.

Miaka mingi iliyopita alinionyesha kile kifuniko, mara moja tu. Nilikuwa nimesahau, la sivyo nisingekutumia. Nilimuuliza kwa nini asiandike Juni kama kwenye cheti, akaniambia, "Siku aliyozaliwa sikuwepo. Siandiki nisichokishuhudia."

Kwa hiyo huna ugonjwa wetu, kwa sababu huna damu yetu. Nimejaribu wiki tatu kukupa habari ya kwanza bila ya pili, imeshindikana. Mkono wako una jambo lingine, nenda ukaulizie jambo lingine.

Usiingie chumba kile. Baada ya hapo nichukie kadiri utakavyo.

Yule aliyekataa kukushika,
Shangazi yako


Nyumba ya wageni, 31 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Mimi si mtu wa barua, mimi ni mtu wa kuchomelea vyuma. Nisamehe mwandiko.

Basi liliharibika njiani, tukalala kwenye viti. Nilifika hospitali saa mbili kasoro dakika kumi, nimekimbia kutoka stendi. Nilimkuta kwenye benchi la korido, ameshavaa lile gauni la wagonjwa linalofungwa nyuma. Nesi alikuwa ameshika kiganja chake anahesabu mapigo, anakunja uso. Nikampa bahasha. Hakukata uzi wako. Aliufungua fundo kwa fundo, kwa kucha, na mkono unatetemeka, na nesi anamwita.

Alisoma akiwa amesimama. Akamaliza, akaanza upya. Kisha akaniangalia akaniuliza, "Ulijua?"

Shangazi, ulisema sijui kilichomo. Nilijua. Nilikuwa na miaka sita. Mtoto hafiki nyumbani ana viatu. Nilimkuta sebuleni amesimama, nikamuuliza Mama ametoka wapi, akasema huyu ni mdogo wako. Nikasema sawa. Kwa miaka nane haikuwa na maana yoyote, kama mtu kujua rangi ya zamani ya ukuta.

Halafu Baba akaugua, na wakatuambia ni nusu kwa nusu, mimi na yeye. Nilikuwa na kumi na nne. Yeye alikuja kitandani kwangu akasema, "Tuko wawili." Nilikuwa na nafasi ya kumwambia pale pale. Ningemwambia, angelala vizuri usiku ule na kila usiku baada yake. Na mimi ningebaki peke yangu. Sikumwambia. Kila mwaka nilimuuliza, "Mikono?" nikijua jibu lake halina kazi. Nilikuwa nauliza ili aniulize mimi.

Aliponipigia mwezi huu kuhusu operesheni, nilinyamaza kwenye simu. Bado mdomo wangu ulikuwa haufunguki. Nilisema nitakuja. Nilikuwa nimepanga kumwambia pale pale mlangoni, kama wewe usingeandika. Najidanganya au sijidanganyi, sijui.

Hayo yote nilimwambia pale koridoni, watu wanasikia. Alimwomba nesi nguo zake, akavaa, akatoka. Nesi alimfuata akimwambia arudi apimwe, mapigo yake si ya kawaida. Hakugeuka.

Hiyo ilikuwa juzi. Duka limefungwa. Chumbani kwake hayupo. Mwalimu naye hajamwona, tumezunguka naye mji mzima, hatujui hata tuulize tunamtafuta mtoto wa nani. Simu yake inaita tu. Mimi sirudi mpaka nimwone. Kama hataki kuniona, nitasimama ng'ambo ya barabara.

Nina thelathini na nane. Wiki iliyopita nilichomelea geti, mshono ukapinda. Sijamwambia mtu. Huyo ndiye ningemwambia.

Mwanao


Dukani, 21 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Umeandika barua nne tangu tarehe ile, nimezipokea zote. Nimezisoma leo asubuhi, kwa mpangilio.

Nilikwenda kwa dobi. Si duka lile tena, sasa wanauza simu, lakini ukuta ni ule ule. Nilipanga chumba jirani na nikashinda pale siku tano. Nilitaka kusikia kitu chochote mwilini mwangu kikisema, "Hapa." Hakuna kilichosema. Nilimkuta mwanamke mmoja mzee aliyewahi kufanya kazi mule, akamkumbuka mpiga pasi mwembamba aliyeimba vibaya na kujua kwamba anaimba vibaya. Basi. Huo ndio urithi wangu wote wa upande ule, na nimeshaukariri.

Siku ya sita nilirudi kwa sababu nilikumbuka nimeacha saa ya mteja wazi mezani, inaingia vumbi. Ndivyo alivyonilea. Nikiwa sina baba wala ukoo wala jina la kuaminika, niliona aibu kwa ajili ya vumbi.

Mkono ni tezi iliyoko shingoni, inafanya kazi kupita kiasi. Yule nesi ndiye aliyening'ang'ania mpaka nikarudi kupimwa. Ninameza vidonge na mtetemo umepungua nusu. Jana nilirudisha mshale wa dakika mara ya kwanza. Mwalimu amenirudishia pete ikiwa ndani ya kibahasha cha kupokelea saa, ameandika juu yake, "Inachelewa." Nimeipokea.

Sitakudanganya. Nina hasira nawe. Si kwa neno la mlangoni, nilikuwa na meno sita, sikulisikia. Nina hasira kwa miaka ishirini na minne niliyolala nikihesabu vidole vyangu, wakati kitu cha kunilaza kilikuwa mdomoni mwako. Na unajua ni nini kibaya zaidi? Uliponiondolea ugonjwa niliona nimeibiwa. Nililia kwa kukosa maradhi ya Baba, Shangazi. Hakuna mtu anayeweza kuelewa hilo ila wewe, kwa hiyo inabidi nikuandikie.

Kaka alisimama ng'ambo ya barabara siku tatu. Wapita njia walidhani ni mlinzi. Siku ya nne nilivuka, nikamshika mkono, nikamkalisha kwenye stuli ya Baba. Sikumwambia nimemsamehe. Nilimpa kibanio na skrubu ndogo kuliko zote dukani, nikamwambia, "Iweke." Mkono uliyumba kidogo. Akaniangalia akasubiri niseme. Nikaenda nyuma yake, nikaweka kidevu begani kwake. "Kushoto kidogo," nikamwambia. "Usiibane, ishawishi." Ilichukua muda mrefu na iliingia.

Atakuja kila Jumapili. Kama ni ule ugonjwa, utamkuta hayuko peke yake. Kama si ule, atakuwa amejifunza kazi.

Saa ya Baba inatembea. Sikurudishii, ukiitaka uifuate. Nimefungua kifuniko kwa mara ya mwisho na chini ya kibanio nimechora nyundo nyingine, na tarehe 29 Machi. Ndiyo siku Kaka alipofika mikononi mwangu, kule koridoni, na hilo nimelishuhudia.

Chini yake nimeacha nafasi ya tarehe moja. Siwezi kuiandika kabla haijatokea. Panda basi.

Mtoto wa kaka yako,
Kibanio